Jasho Peke Yake Halimfundishi Mzee

Methali ya samaki mkunje angali mbichi ilihusu malezi ya watoto. Siku hizi kazi yake kubwa ni kuwapa vijana ruhusa ya kutomfundisha mzee. Bibi wa miaka 70 ananunuliwa simu ya kupangusa, anakosea kutuma pesa mara tatu, mjukuu anaishiwa subira: "Lete, bibi, nikufanyie." Tangu siku hiyo bibi hatumi tena pesa mwenyewe, na namba yake ya siri inajulikana na nyumba nzima.

Ukikitazama kwa karibu kilichomshinda, si uelewa. Kwenye kitochi chake cha zamani kidole gumba kilikuwa kinaijua *150*00# bila msaada wa macho. Kitufe cha 5 kina kinundu kidogo. Kidole kikishakigusa kinajua kiko wapi, na kutoka hapo kinazijua njia zote: juu, chini, pembeni. Namba ya siri haikukaa kichwani kama tarakimu nne, ilikaa kidoleni kama mwendo. Kioo hakina kinundu. Ngozi ya kidole cha mzee huwa kavu, na kioo cha simu huhisi umeme mdogo unaopita kwenye ngozi, kwa hiyo mguso wake mwepesi mara nyingine haupokelewi. Naye anakandamiza, anachelewa kuinua kidole, simu inadhani ameshikilia makusudi na kumfungulia menyu ambayo hakuiomba. Mwendo alioujenga kwa miaka mingi umenyang'anywa mazingira yake kwa siku moja. Sasa anatakiwa kujenga mwingine, na suala ni kama mwili unaofanya mazoezi kila wiki huujenga vizuri kuliko mwili uliokaa.

Huujenga vizuri zaidi, ila si kwa njia ambayo wengi wanaidhania.

Tuondoe kwanza mkanganyiko mmoja. Mtaani huitwa kumbukumbu ya misuli, ingawa misuli haikumbuki kitu. Kinachokumbuka ni ubongo: gamba linaloagiza mwendo, vifundo vya seli vilivyo ndani kabisa ambavyo hutumia kemikali iitwayo dopamini kupanga mfuatano wa vitendo, na serebelamu, ule ubongo mdogo wa kisogoni, unaolinganisha mwendo ulioagizwa na mwendo uliotokea kisha kusahihisha. Hii si njia ileile inayohifadhi majina na matukio ya jana. Mwaka 1953 Mmarekani Henry Molaison alipasuliwa ubongo ili kutibiwa kifafa, akaondolewa sehemu kubwa ya hipokampasi, sehemu ya ubongo inayoshika matukio mapya, upande wa kulia na wa kushoto. Baada ya hapo hakuweza kushika tukio jipya. Mtafiti Brenda Milner akampa kazi ya kuchora nyota huku akiuona mkono wake kwenye kioo cha kujitazamia tu. Siku ya kwanza alichapia sana. Kufikia siku ya tatu mstari wake ulikuwa umetulia, na bado kila alipoletewa karatasi aliona ndiyo mara yake ya kwanza. Kwa hiyo mzee kusahau jina la mkwe wake si ushahidi kwamba mkono wake haufundishiki.

Umri hula wapi, basi? Hula nyuzi za misuli za mwendo wa haraka kuliko zile za mwendo wa polepole, hula neva zinazoiendesha misuli hiyo, hupunguza hisia za nyayo. Hayo yanajulikana. Kisichosemwa sana ni kinachotokea usiku. Mpe mzee na kijana kazi mpya ya vidole, mathalani kubofya vitufe kwa mfuatano fulani, na wote wawili wataendelea kupata nafuu kadiri wanavyorudia. Mzee atakuwa mzito, lakini anapanda. Tofauti huonekana asubuhi. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2007 ulionesha kwamba vijana waliamka na nyongeza juu ya walipoishia jana, kana kwamba usingizi umewafanyia mazoezi. Watu wa umri mkubwa hawakupata nyongeza hiyo. Usingizi mzito hupungua kadiri mtu anavyozeeka, na ndani ya usingizi ndimo mwendo mpya hutulizwa na kushikishwa. Ndiyo sababu mjukuu analalamika kwamba jana bibi aliweza kabisa. Aliweza kweli. Somo lilipokelewa, halikushika.

Hapa ndipo ile methali ya samaki inapopata maana mpya. Samaki mbichi si mtoto. Ni alama ya mwendo uliojifunzwa saa moja iliyopita, iwe ni kwenye ubongo wa miaka 7 au wa 77. Bado laini, inaweza kukazwa au kuharibiwa. Na mazoezi ya mwili ni mojawapo ya vitu vinavyoikaza.

Mwaka 2012 watafiti wa Copenhagen, Denmark, waliwafundisha vijana 48 kazi ya kufuatisha mstari kwenye skrini kwa mkono. Kundi moja liliendesha baiskeli ya mazoezi kwa nguvu kabla ya somo, la pili liliendesha baada ya somo, la tatu likapumzika. Siku hiyohiyo tofauti hazikuwa na maana. Baada ya saa 24 na baada ya siku 7, makundi yaliyotoa jasho yalikuwa yameshika zaidi, na kufikia siku ya saba waliofanya mazoezi baada ya somo waliwashinda waliofanya kabla. Mwaka 2016 wakaangalia umbali kati ya somo na jasho: faida ilikuwa kubwa zaidi mazoezi yalipokuja dakika 20 baada ya somo, ikafifia yaliposogezwa mbele kwa saa moja na saa mbili. Yaani mazoezi ya Jumamosi hayatalikaza somo la Jumatano kwa namna hiyo.

Kinachofanyika ndani hakijafichika sana. Moyo ukienda kasi, damu hupata noradrenalini na dopamini zaidi, misuli humwaga lakteti, na protini iitwayo BDNF, inayosaidia seli za neva kuimarisha maungano yao, huongezeka kwa muda. Zile breki ambazo gamba la mwendo hujiwekea lenyewe hulegea kidogo. Kwa dakika kadhaa ubongo uko tayari kuandika.

Lakini kuandika nini? Hilo ndilo swali ambalo ushauri wetu kwa wazee hauliulizi.

Kabla ya hapo, tahadhari moja ya haki. Majaribio yaliyofanywa kwa wazee hayakubaliani yote. Katika baadhi, zoezi moja la siku moja lilibadilisha shughuli za ubongo bila kubadilisha sana matokeo ya kazi ya mkono. Naona sababu kubwa ni kipimo: mzee akiendeshwa taratibu mno mwili hautoi kemikali za kutosha, akiendeshwa kupita kiasi anachoka na kulala hovyo. Upande wa waliopata kiharusi kuna dalili nzuri zaidi. Utafiti wa Montreal, Kanada, wa mwaka 2017, wenye watu 22, ulionesha kwamba waliofanya mazoezi makali ya vipindi vifupi mara tu baada ya somo la mkono walikuwa na ushikaji bora saa 24 baadaye kuliko waliopumzika. Watu 22 ni wachache, lakini hao si wanafunzi wa chuo wenye afya tele.

Kisha kuna faida ya muda mrefu, ambayo ni tofauti na hiyo ya siku moja na haifai kuchanganywa nayo. Mwaka 2011 yalichapishwa matokeo ya watu 120 wa miaka 55 hadi 80, Marekani. Nusu walitembea kwa kasi siku tatu kwa wiki, wakaanza na dakika 10 na kupanda hadi 40. Nusu walifanya kunyoosha viungo. Baada ya mwaka, hipokampasi ya mbele ya watembeaji ilikuwa imeongezeka takriban 2%, ya wenzao ilikuwa imesinyaa. Hipokampasi, pamoja na kwamba Molaison aliweza kujifunza kuchora bila hiyo, hushiriki katika siku za mwanzo za kujifunza mfuatano wa vitendo na katika kutuliza mfuatano huo usingizini. Mtembeaji wa mwaka mzima analeta darasani shamba lililolimwa. Mbegu bado.

Ndiyo maana ushauri wa "mzee, wewe tembea tu" ni nusu ya ushauri. Mzee anayezunguka barabara ileile, kwa mwendo uleule, akiwa amevaa viatu vilevile, anausaidia moyo, sukari na presha. Ubongo wake wa mwendo hauna kipya cha kuandika. Baada ya wiki ya tatu serebelamu haina kosa la kusahihisha. Vivyo hivyo vikundi vya mchakamchaka vya Jumamosi, ambavyo nisingependa vife hata kimoja: jasho lipo, nyimbo zipo, fulana za rangi moja zipo, halafu watu wanakunywa maji na kuagana hapo ambapo ubongo uko tayari kufundishwa.

Ujerumani, mjini Magdeburg, wazee waligawanywa makundi mawili kwa miezi 18. Kundi moja lilifanya mazoezi ya kawaida ya kurudiarudia. Jingine lilicheza dansi ambazo mitindo, hatua na mpangilio vilibadilishwa kila mara, na walitakiwa kuzikumbuka bila kuelekezwa. Hipokampasi ilinenepa kwa makundi yote mawili. Uwezo wa kusimama bila kuyumba uliimarika zaidi kwa wachezaji. Sisi hatuhitaji kuagiza dansi Ujerumani. Kwaito ya kwenye maharusi, ile ya kupanga mistari na kugeuka pande nne, ina kila kitu kinachotakiwa: hatua nane au zaidi za kufuatanisha, robo mzunguko, uzito kuhama mguu hadi mguu, kusubiri mdundo. Tatizo ni kwamba shangazi wa miaka 68 hukaa kwenye kiti akishangilia, na tunaona ndiyo heshima yake.

Sasa tushuke kwenye vipimo, tukianza na bibi na simu yake.

Somo lisizidi dakika 15: mizunguko mitatu ya dakika nne, na dakika moja ya kupumzisha mkono katikati. Kabla ya kuanza anawe mikono na kupaka mafuta kidogo sana au kufuta kidole kwa kitambaa kilicholowa; ukavu ukipungua, mguso unapokelewa. Simu nyingi za Android zina mpangilio wa muda wa kugusa na kushikilia. Uweke kwenye muda mrefu, kidole kinachochelewa kuinuka kisisomwe vibaya. Aanze na kuangalia salio, ambako kosa halipotezi pesa. Mwalimu asishike kidole cha mwanafunzi. Mkono ulioongozwa haufanyi kosa, na serebelamu isiyoona kosa haijifunzi. Asubiri majaribio mawili au matatu ndipo aseme neno moja tu: "Inua haraka," au "Gusa katikati." Maelezo ya kila sekunde humfanya mzee amtegemee msemaji, na msemaji akitoka chumbani ujuzi unatoka naye.

Baada ya hapo, ndani ya nusu saa, jasho: kutembea kwa kasi dakika 20 hadi 25. Si kabla. Mtu aliyetoka kubeba ndoo au kupanda mlima ana mkono unaotetemeka na atajifunza mwendo wa kutetemeka. Kanuni hiyohiyo ni ya lazima kwa somo la kusimama na kugeuka: hatua mpya za kwaito zifundishwe miguu ikiwa mibichi, kisha kikundi kiende mchakamchaka. Vikundi vingi hufanya kinyume, vinakimbia kwanza na kufanya mazoezi ya mguu mmoja mwisho, wakati mapaja yameisha, halafu vinashangaa watu wakianguka.

Kasi ipimwe. Kadirio la kiwango cha juu cha mapigo ni 208 ukitoa 0.7 mara umri. Kwa mtu wa miaka 70 ni 159. Mazoezi ya wastani yako kati ya 64% na 76% ya hapo, yaani mapigo 102 hadi 121 kwa dakika. Ahesabu kwa vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa dole gumba, sekunde 30, azidishe mara mbili. Hesabu hii haina kazi kwa anayetumia dawa za presha za jamii ya atenolo na propranolo, kwa sababu dawa yenyewe inazuia moyo usipande. Akilazimisha kufikia 121 atajiumiza. Huyo atumie pumzi. Na mchakamchaka una kipimo cha pumzi tayari: ukiweza kuimba ubeti mzima wa kiongozi, uko taratibu mno, ukiweza kuitikia kiitikio na kusema sentensi moja kamili bila kukatika, uko mahali pake, ukishindwa hata kuitikia, punguza.

Siku ya tatu au ya nne, bibi akishaangalia salio bila kukwama, achanganyiwe kazi. Badala ya salio mara kumi, kisha muda wa maongezi mara kumi, zipigwe nasibu: salio, kutuma shilingi 500 kwa namba ya ndani ya nyumba, muda wa maongezi, salio tena, umeme. Siku hiyo ataonekana amerudi nyuma, na familia itataka kuacha. Jaribio maarufu la Marekani la mwaka 1979 lilionesha jambo hili wazi: waliorudia kazi moja kwa mkupuo walionekana hodari wakati wa mazoezi, lakini waliochanganyiwa ndio walioshika baada ya siku kumi. Sababu ni kwamba kila anapobadilisha kazi ubongo hulazimika kuupanga mwendo upya, badala ya kuunakili wa sekunde iliyopita. Kwa mzee usichanganye siku ya kwanza. Kazi ikiwa ngumu mno mwanzoni hakuna cha kushika.

Kosa jingine ni kufundisha vitu viwili vinavyofanana kwa mkupuo. Mtoto mmoja anamfundisha bibi kupangusa simu saa nne asubuhi, mwingine anamfundisha tableti yenye menyu tofauti saa tano. Mwaka 1996 watafiti waliwapa watu mkono wa roboti unaosukuma upande mmoja, kisha mwingine unaosukuma upande wa pili: la pili lilipofuata mara moja liliharibu la kwanza, yalipotenganishwa kwa saa 4 la kwanza lilisalimika. Muda huo wa saa nne ni kipimo kizuri cha kukumbuka nyumbani. Tableti ingoje jioni, au kesho.

Hapa kuna jambo ambalo limenifanya niandike makala hii, na ni kubwa kuliko simu. Tunazungumza sana kuhusu mwendo mpya, lakini hatari kubwa ya mzee iko kwenye mwendo wa zamani anaoukumbuka vizuri kupita kiasi.

Chukua mtaro wa mbele ya nyumba. Babu ameuruka kwa miaka 30. Mguu unaujua upana wake, unajua kiasi cha kusukuma. Kumbukumbu hiyo haijafutika, imehifadhiwa vizuri kabisa, ila iliandikwa kwa mwili wa miaka 45. Tangu hapo misuli ya haraka ya paja na ya kigimbi imepungua, kifundo cha mguu kimekakamaa, na kwa sababu babu amekuwa mtu wa kukaa barazani, ubongo haujapelekewa taarifa. Unatoa amri ileile ya zamani, mguu unatoa sentimita chache pungufu, kisigino kinagonga ukingo. Watafiti wa Japani waliwahi kuwaomba wazee wakadirie kimo cha kizuizi wanachoweza kuvuka, kisha wakakivuka kweli. Wapo wengi waliojikadiria juu kuliko uwezo, na mtu wa kukaa ndani ndiye aliyekuwa karibu zaidi na kosa hilo.

Hii ndiyo kazi ya mazoezi ya mara kwa mara ambayo haionekani kwenye mizani wala kwenye kipimo cha presha. Kila hatua ya kweli, kila kuinuka kwenye kiti, kila kupanda ngazi, ni ripoti inayofika serebelamu: siku hizi paja linasukuma hivi, goti linakunja hapa. Mkunaji nazi anayekalia mbuzi kila siku na kuinuka bila kushika ukuta ana kumbukumbu inayolingana na mwili wake wa leo. Mswalihina anayeswali amesimama, na anayeinuka kutoka sijda 34 za rakaa 17 za faradhi kwa siku, anazo ripoti nyingi kuliko mtu yeyote wa gym. Akihamia kwenye kiti kwa sababu ya goti, jambo ambalo dini imemruhusu, mazoezi hayo yanakatika ghafla, na mara chache kuna anayefikiria kuyafidia mahali pengine.

Ya kufidia ni haya. Kiti kigumu chenye kimo cha sentimita 43 hivi, mgongo wa kiti ukutani. Kiti cha plastiki kwenye sakafu ya vigae ni mtego: miguu yake hutanuka na kuteleza pale mtu anaposukuma kuinuka. Mikono ikunjwe kifuani, ainuke hadi asimame wima, akae taratibu kwa kuhesabu tatu. Mara 8 hadi 10, mizunguko miwili, siku tatu kwa wiki. Kama ni kipimo, ahesabu anainuka mara ngapi kwa sekunde 30: kwa umri wa miaka 70 hadi 74, mwanamume chini ya mara 12 na mwanamke chini ya mara 10 wako chini ya wastani na wana hatari ya kuanguka. Kisha asimame kisigino kimoja mbele ya vidole vya mguu wa pili, karibu na ukuta, sekunde 10. Akishindwa kufika 10, hapo ndipo pa kuanzia. Malapa avue. Vidole vya mguu hujikunja kuyashikilia yasitoke, na mwendo mzima unabadilika bila mwenyewe kujua. Aidha miguu mitupu au raba yenye soli nyembamba isiyoteleza. Kanga ipandishwe juu ya kifundo.

Mpango wa Otago wa New Zealand, uliojengwa juu ya mazoezi ya namna hii ya miguu na usawa mara tatu kwa wiki, nusu saa kila mara, pamoja na kutembea mara mbili, ulipunguza kuanguka kwa takriban 35% katika majaribio yake manne. Hauna mashine, una vifuko vya uzito vya kufunga vifundoni, ambavyo hapa mtu anaweza kushona kwa kitambaa na kujaza mchanga, kilo moja kwa kuanzia.

Usawa ukishakuwepo, aongezewe mazungumzo. Sweden, mwaka 1997, wazee 58 walitembea huku wakisemeshwa. Kumi na wawili walisimama ili wajibu. Kumi kati yao walianguka ndani ya miezi sita. Kusimama ili kujibu ni ishara kwamba kutembea kumeacha kuwa kazi ya kumbukumbu ya mwendo, kumekuwa kazi ya kufikiri. Njia ya kuurudisha mwendo kwenye kumbukumbu ni kutembea mita 10 huku akitaja majina ya samaki, au akihesabu kurudi nyuma kutoka 50, mtu akiwa pembeni. Kuimba mchakamchaka ni zoezi lilelile, na ni la kufurahisha zaidi.

Kuhusu kiasi cha jumla, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unataka dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, nguvu za misuli angalau siku mbili, na kwa wenye miaka 65 na kuendelea mazoezi mchanganyiko ya usawa na nguvu angalau siku tatu. Presha ikiwa 180/110 au zaidi kabla ya kuanza, ahirisha na uende kituo cha afya. Mwenye kisukari anayetumia insulini au glibenklamaidi na sukari iko chini ya 5 (mmol/L), ale kitu kwanza. Maumivu ya kifua, kizunguzungu au mguu mmoja kuishiwa nguvu ghafla si uchovu wa mazoezi. Ni safari ya hospitali.

Mwisho ni namna ya kujua kama inafanya kazi, na hapa ndipo familia nyingi hujidanganya. Huandika jaribio la mwisho la jioni, pale mzee anapokuwa amepata moto, na kusema ameiva. Hilo halipimi kumbukumbu, linapima mazoezi ya dakika kumi zilizopita. Chukua daftari, weka safu mbili, tarehe na matokeo. Asubuhi, baada ya kunywa chai, kabla ya kumkumbusha lolote, mpe bibi simu: aangalie salio. Hilo jaribio la kwanza ndilo linaloandikwa, sekunde ngapi na makosa mangapi. Lirudie siku ya saba, bila mazoezi ya kuamsha. Kama siku za jasho zinatangulia asubuhi nzuri kuliko siku za kukaa, daftari litaonesha ndani ya wiki tatu au nne. Na namba ya siri ibadilishwe kabla ya kuanza, kwa sababu ile ya zamani nyumba nzima inaijua.